UJENZI: Bamba la mlango wa gereji likiharibika, gharama hutokana na nini?

GARI likirudishwa nyuma bila uangalifu, huchukua nukta chache tu kuharibu mlango wa gereji uliomgharimu mwenye nyumba akiba ya miezi kadhaa. Bamba hubonyea, bawaba hupinda na komeo hukataa kuingia mahali pake. Usiku huo gari hulala katika chumba kisichofungika, na kunapokucha mwenye nyumba huanza kuzungukia karakana akiulizia bei.

Hapo ndipo wengi hutatizika. Fundi wa kwanza hutaja bei yake, wa pili hutaja maradufu, naye wa tatu hushauri mlango mzima ung'olewe na mwingine utengenezwe. Tofauti hizo si ulaghai kila mara. Mara nyingi hutokana na unene wa bamba ambalo kila fundi analifikiria, vipimo vya mlango wenyewe, na iwapo fremu imenusurika au la. Mwenye nyumba asiyeyafahamu mambo haya hana njia ya kujua ni nani anayemwambia ukweli.

Nchini Kenya, milango mingi ya gereji za nyumbani hutengenezwa na mafundi wa jua kali, kama vile wale wa Kariobangi Light Industries jijini Nairobi. Kwa kawaida huwa na mabawa mawili, na kila bawa ni fremu ya chuma iliyochomelewa bamba juu yake. Milango ya kisasa iliyogawanywa vipande na kupanda juu kwa reli hupatikana zaidi katika mitaa ya wenye uwezo. Aina hizi mbili zina hesabu tofauti kabisa.

Unene na ukubwa wa bamba

Bamba la chuma linalouzwa madukani huwa na urefu wa futi nane na upana wa futi nne. Unene wake hutajwa kwa geji, na hapa wanunuzi wengi hukosea kwa sababu hesabu ya geji huenda kinyume: kadiri nambari inavyopungua ndivyo bamba linavyozidi kuwa nene. Bamba la geji 18 lina unene wa takriban milimita 1.2, la geji 16 takriban milimita 1.5, na la geji 14 takriban milimita 2.

Tofauti ya sehemu ya milimita haionekani kwa macho, hasa bamba likishapakwa rangi. Lakini mizani haidanganyi. Bamba zima la geji 16 huwa na uzani wa kilo 35 hivi, la geji 18 kilo 28, na la geji 20 halizidi kilo 22. Kwa hivyo, mteja aliyelipia geji 16 kisha akaletewa bamba la kilo 28 anafaa kujua kwamba amepunjwa, hata kabla halijakatwa. Baada ya kukatwa na kuchomelewa, ushahidi huo hupotea.

Jambo la pili ni vipimo. Mlango wenye upana wa futi nane una mabawa mawili ya futi nne kila moja, na kila bawa hutoshewa na bamba moja bila kuunganishwa. Mlango wa futi tisa, hata hivyo, una mabawa ya futi nne na nusu. Nusu futi hiyo ndogo humlazimu fundi kununua bamba la tatu ili akate vipande vya kujazia. Aidha, huongeza kazi ya kuchomelea na kuacha mshono ambao maji ya mvua yatautafuta. Ndiyo maana majirani wawili wenye milango inayokaribiana kwa ukubwa huweza kutozwa bei zinazotofautiana sana.

Bei ya chuma yenyewe nayo haitulii. Kenya huagiza kutoka nje sehemu kubwa ya malighafi ya mabamba, na malipo hufanywa kwa dola za Marekani. Mapema mwaka wa 2024 dola moja ilifikia takriban Sh160, kisha kufikia katikati ya mwaka huo ikashuka hadi karibu Sh130. Bei iliyotajwa na fundi mwezi uliopita basi si ahadi ya mwezi huu. Vilevile, mteja anafaa kuuliza iwapo bei anayotajiwa dukani tayari inajumuisha ushuru wa thamani wa asilimia 16, au ataupata ukimsubiri kwenye risiti.

Hesabu yenyewe

Gharama ya kubadilisha bamba hugawanyika katika mafungu manne: bamba, vifaa vidogo vinavyotumika na kuisha, ujira wa fundi na usafiri. Vifaa hivyo ni vijiti vya kuchomelea, visahani vya kukatia na kusagia chuma, rangi ya kuzuia kutu na rangi ya juu.

Chukua mfano wa bawa moja lililogongwa. Bei hizi ni za kuelezea hesabu tu, kwani kila mji una soko lake. Iwapo bamba la geji 16 ni Sh6,000, vifaa vidogo Sh2,500, ujira Sh3,500 na usafiri Sh1,000, jumla ni Sh13,000. Bamba lenyewe halifiki hata nusu ya fedha hizo.

Sasa mwenye nyumba akiamua kupunguza gharama kwa kununua bamba la geji 18 la Sh4,800, ataokoa Sh1,200, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya jumla. Ujira haupungui, rangi haipungui, wala usafiri haupungui. Lakini bamba limepungua unene kwa sehemu moja ya tano, na litabonyea kwa urahisi zaidi likigongwa tena. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Mambo hubadilika pale ambapo uharibifu umetokana na kutu wala si kugongwa. Kutu huanzia chini, mahali ambapo maji ya mvua na ya kuoshea sakafu hutuama kati ya bamba na fremu. Katika miji ya pwani kama vile Mombasa na Malindi, hewa yenye chumvi huharakisha uharibifu huo. Iwapo sehemu ya juu ingali imara, si lazima bamba zima libadilishwe. Fundi anaweza kukata futi moja au mbili za chini, akachomelea kipande kipya, na kutoboa matundu madogo kwenye chuma cha chini cha fremu ili maji yapate pa kutokea. Bamba moja likikatwa hivyo hutosha mabawa yote mawili.

Fremu kwanza, bamba baadaye

Kabla ya senti yoyote kutolewa, swali la kwanza ni iwapo fremu imepinda. Jibu lake hupatikana kwa utepe wa kupimia. Bawa hupimwa kutoka pembe ya juu upande wa kushoto hadi pembe ya chini upande wa kulia, kisha hupimwa kutoka pembe ya juu kulia hadi ya chini kushoto. Vipimo hivi viwili vikilingana, fremu ingali na pembe zake sawasawa. Vikitofautiana, imekwenda upande, na bamba jipya litakalochomelewa juu yake litakuwa limevishwa mgonjwa nguo mpya. Mlango utaendelea kukwaruza sakafu na komeo litaendelea kukataa.

Uchunguzi wa pili ni wa bawaba. Bawa la geji 16 pamoja na fremu yake ni mzigo mzito, na lote huning'inia kwenye bawaba chache. Gari linapogonga, nguvu nyingi huishia hapo. Ufa mdogo katika mshono wa bawaba unaweza kupuuzwa kwa miezi, hadi siku bawa litakapong'oka na kumwangukia mtoto anayecheza karibu. Kwa sababu hii, kazi ya kubadilisha bamba isiyogusia bawaba ni kazi nusu.

Iwapo fremu ni nzima na bamba limebonyea tu bila kupasuka, kulinyoosha kwa nyundo na kulipaka rangi upya kunaweza kutosha. Bamba lililopasuka, lililokunjika vibaya au lililoliwa na kutu hadi likatoboka halina budi kubadilishwa.

Fundi mwema hutambulikana pia kwa jinsi anavyochomelea. Huanza kwa kushikiza bamba kwa vidoa vidogo pande zote, kisha huchomelea vipande vifupi akihama kutoka upande mmoja hadi mwingine. Anayechomelea mstari mrefu bila kupumzika hulikusanyia bamba joto mahali pamoja, nalo hujikunja na kuwa na mawimbi yasiyoondoka. Bamba lililopakwa zinki huhitaji uangalifu zaidi: zinki hiyo inafaa kusagwa na kuondolewa mahali pa kuchomelea kwa kuwa moshi wake humdhuru fundi, kisha mahali hapo papakwe rangi ya kuzuia kutu bila kukawia.

Milango ya kupanda kwa reli

Kwa wenye milango ya vipande vinavyopanda juu, mara nyingi vinne au vitano, inawezekana kubadilisha kipande kimoja pekee. Tatizo ni kukipata. Kipande sharti kilingane na vingine kwa upana, unene, nakshi na namna ya kushikana. Mlango ukiwa wa miaka mingi, huenda kiwanda kilikwisha kuacha kuutengeneza muundo huo. Hata kikipatikana, gharama ya kukisafirisha peke yake kutoka ng'ambo huweza kukaribia bei ya kipande chenyewe. Isitoshe, rangi mpya haitafanana na ile iliyofifishwa na jua. Vipande viwili au vitatu vikiharibika kwa pamoja, ni busara kuulizia bei ya mlango mzima kabla ya kuamua.

Hatari kubwa zaidi katika milango hii ni springi. Springi hizo hubeba uzani wa mlango, ndiposa hata mtu mmoja huweza kuuinua. Zinapokuwa zimekazwa huwa na nguvu za kuvunja mkono au hata kuua. Kazi ya kuzilegeza au kuzikaza isiachiwe fundi wa vyuma asiye na ujuzi wala zana zake. Kipande kipya kikiwa kizito au chepesi kuliko cha awali, springi lazima zirekebishwe upya. Njia ya kujua kwamba kazi imefanywa vyema ni kutenganisha mlango na mota yake, kuuinua kwa mkono hadi nusu, na kuuachilia taratibu. Mlango uliosawazishwa hubaki palepale.

Nani alipe?

Swali hili huzua ugomvi mwingi kuliko bei yenyewe. Wenye magari wengi hudhani kwamba bima ya lazima hulipia kila kitu kinachogongwa. Sheria ya bima ya magari, Sura 405, humlazimu mwenye gari kuwa na bima inayohusu vifo na majeraha ya watu wengine. Fidia ya mali iliyoharibiwa hutegemea maandishi ya mkataba, na kwa kawaida huwa na kikomo chake. Zaidi ya hayo, bima ya mhusika wa tatu, kama jina lake linavyoonyesha, haihusu mali ya mwenye bima. Anayeugonga mlango wake mwenyewe hawezi kuitegemea. Huenda akasaidiwa na bima ya nyumba, iwapo anayo na iwapo inataja uharibifu wa kugongwa na gari.

Mgeni au lori la mizigo likiwa ndilo lililogonga, mwenye nyumba anafaa kupiga picha kabla chochote hakijaguswa, kunakili nambari ya gari, na kupiga ripoti katika kituo cha polisi ili apewe nambari ya tukio. Makubaliano ya mdomo ya "nitakutumia pesa kesho" yameacha milango mingi ikifungwa kwa kamba.

Kwa wapangaji, ni muhimu kutofautisha uharibifu na uchakavu. Mpangaji aliyegonga mlango ana wajibu wa kuutengeneza. Lakini kutu iliyoula mlango kwa miaka mingi kabla hajahamia si deni lake, wala hapaswi kukatwa amana yake kwa ajili hiyo. Picha zilizopigwa siku ya kuhamia humaliza ubishi huo mapema.

Hatimaye, makubaliano na fundi yaandikwe: geji ya bamba, idadi ya mabamba, aina ya rangi, nani anunue vifaa, siku ya kumaliza na usalama wa usiku iwapo kazi italala. Arubuni itosheleze vifaa, na salio lilipwe baada ya mlango kufungwa na kufunguliwa mara kadhaa mbele ya mwenyewe. Kisha uchunguzwe kila mwaka kabla ya mvua za masika, kutu ikwanguliwe ingali doa na kupakwa rangi. Kopo dogo la rangi ni sehemu ndogo sana ya bei ya bamba, na usipoziba ufa utajenga ukuta.