Fiksa: Acha Bei ya Chupa, Hesabu Bei ya Mkanda

Kwa Kiswahili fedha ni madini na fedha ni pesa, na mpigapicha wa nyeusi-na-nyeupe hulazimika kuzichunga zote mbili. Filamu na karatasi zimepakwa chumvi za fedha. Developa huzigeuza zile zilizopigwa na mwanga kuwa fedha nyeusi, na hiyo ndiyo picha. Zilizosalia zisipoondolewa, picha yako itazidi kuwa nyeusi siku utakapoitoa nje; dawa ya kuziondoa ndiyo fiksa. Mwaka 1819 Mwingereza John Herschel aliona kwamba tiosalfeti huyeyusha chumvi hizo, na mwaka 1839 dawa hiyo ikaingia katika upigaji picha. Fiksa za leo karibu zote bado zinategemea tiosalfeti, na ukifuata maelekezo zote zitakufanyia kazi. Mnunuzi ajiulize jambo moja: ipi nitaimaliza kabla haijaharibika?

Ya maji, ya haraka

Hizi hutengenezwa kwa tiosalfeti ya amonia. Mfano ni Ilford Rapid Fixer, inayochanganywa sehemu moja ya dawa kwa nne za maji. Lita moja ya dawa nzito inatoa lita tano za kutumia, na kwa kipimo cha mtengenezaji kila lita inahudumia mikanda 24 ya picha 36. Filamu huiva kwa dakika mbili hadi tano.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme chupa ya lita moja imekufikia kwa shilingi 60,000. Lita tano mara mikanda 24 ni mikanda 120, kwa hiyo kila mkanda umekugharimu shilingi 500. Lakini chupa ikishafunguliwa na kuingia hewa, ihesabie miezi sita hivi. Anayesafisha mikanda minne kwa mwezi atakuwa amemaliza 24 tu, na kila mmoja umemla shilingi 2,500. Huyo anunue chupa ya nusu lita, au yeye na wenzake wawili wachangie moja na kugawana.

Faida yake ni kwamba unachanganya unachohitaji: mililita 100 za dawa na 400 za maji zinatosha mikanda 12. Hasara ni usafirishaji, kwa kuwa kimiminika ni kizito na si kila msafirishaji hukubali kukibeba kwa ndege.

Ya unga

Fiksa ya unga, kama ile ya Kodak ya pakiti ya galoni moja, hutumia tiosalfeti ya sodiamu. Ni nyepesi kusafirisha na pakiti iliyofungwa hukaa sana. Inafanya kazi polepole, dakika tano hadi kumi. Usijaribu kuitumia nusu nusu, maana viungo vyake havikujipanga sawasawa ndani ya pakiti. Ukiifungua, unachanganya lita 3.8 zote, na saa imeanza kuhesabu. Tuseme umeinunua kwa shilingi 40,000 na umesafisha mikanda kumi kabla haijachacha: kila mkanda ni shilingi 4,000. Rahisi ghali. Kwa darasa au klabu inayosafisha mikanda kila wiki, hesabu hiyo hugeuka kabisa.

Nyingi za unga zina shabu ndani, ya kukaza jelatini. Pwani, ambako maji ya bomba ni ya vuguvugu na jelatini hulainika, shabu ni kinga nzuri dhidi ya mikwaruzo. Ila filamu iliyokazwa huchelewa kutoa fiksa wakati wa kuosha, na hapo unalipa kwa maji.

Ya kujichanganyia

Mwenye mizani anaweza kununua chembechembe za tiosalfeti ya sodiamu kwa wauza kemikali za maabara. Fomula ya zamani ya Kodak, F-24, ni gramu 240 za tiosalfeti, 10 za salfaiti ya sodiamu na 25 za baisalfaiti ya sodiamu, kisha maji hadi lita moja. Anza na maji ya moto kiasi, kwani chembechembe hizo zikiyeyuka huyapoza mno. Chembe kavu hukaa miaka, hivyo njia hii inamfaa anayepiga mara chache. Filamu za kisasa za chembe bapa, kama T-Max na Delta, zitakudai subira zaidi.

Ya eksirei

Dukani kwa wauza vifaa vya hospitali, ambako filamu za eksirei hazijaisha, kuna fiksa yenye tiosalfeti ileile ya amonia. Mara nyingi huja katika sehemu mbili, ya pili ikiwa ya kukaza. Hiyo ya pili unaweza kuiacha. Soma lebo upate kipimo, kisha ijaribu kwa kipande cha filamu kabla ya kuiamini na picha za harusi ya mtu.

Jaribio lisilogharimu kitu

Kata kipande cha kichwa cha mkanda, kitumbukize kwenye fiksa mpya mwangani, uhesabu sekunde hadi kiwe angavu. Muda wa kufiksi ni mara mbili ya hapo, na kwa filamu za chembe bapa fanya mara tatu. Ikiwa fiksa mpya ilichukua sekunde 45, siku itakapofika 90 imekwisha. Ukiona machicha meupe au ya manjano yanaelea, imwage bila hata kujaribu.

Usitumie chupa moja kwa filamu na karatasi. Karatasi za plastiki za inchi 8 kwa 10 huenda hadi 80 kwa lita, na zile za nyuzi 40. Ukitaka picha za nyuzi zidumu vizazi, ishia kumi. Ahueni ipo: tumia sinia mbili, nusu ya muda katika kila moja. Ya kwanza ikichoka imwage, ya pili ichukue nafasi yake, na mpya iwe ya pili.

Maji nayo ni gharama

Kwa fiksa isiyo na shabu, Ilford hupendekeza kuosha filamu hivi: jaza tangi, geuza mara tano, mwaga, jaza, geuza mara kumi, mwaga, jaza, geuza mara 20, mwaga. Kwa mkanda mmoja hiyo ni kama lita moja tu, nafuu kubwa kwa anayenunua maji kwa madumu. Maji ya bahari nayo huondoa fiksa upesi kuliko maji matamu, jambo lililojulikana tangu Vita Kuu ya Pili ya Dunia; ila lazima umalizie kwa maji matamu, chumvi isibaki.

Nichague ipi?

Kwa mikanda miwili mitatu kwa mwezi, chukua chupa ndogo ya fiksa ya maji au jichanganyie. Darasa na klabu, ya unga au ya eksirei. Anayechapa karatasi za nyuzi achukue ya haraka isiyo na shabu, maana ataokoa muda na maji.

Fiksa iliyochoka imebeba fedha uliyoivua kwenye filamu, na fedha huua vijidudu, kwa hiyo usiimwage karibu na kisima wala kwenye karo. Itie kwenye dumu pamoja na stiliwaya, ile inayoshika kutu, na fedha itaganda kwenye chuma. Kama hospitali ya jirani bado inasafisha filamu za eksirei, uliza wanakopeleka yao.

Na kabla ya yote hayo, bandika karatasi kwenye chupa yako: tarehe ya kuchanganya, na alama moja kwa kila mkanda. Siku ya kuimwaga, gawanya bei uliyolipa kwa idadi ya alama. Jibu hilo ndilo litakuambia ununue ipi safari ijayo.