Poundage: Maana na Asili ya Neno

Neno hili la Kiingereza lina maana mbili kuu:

(a) Tozo kwa kila ratili ya uzito, yaani takriban gramu 454. Mfanyabiashara wa Kwa Mrombo, Arusha, akilipia usafiri wa mzigo kwa kila kilo, utaratibu ni huohuo.

(b) Kodi kwa kila pauni ya thamani ya bidhaa. Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza aliitoza bila idhini ya Bunge. Mzozo ukapamba moto mwaka 1629.

Asili: "Pound" limetokana na neno la Kilatini lihusulo uzito. Zamani pauni ilikuwa thamani ya ratili moja ya madini ya fedha. Kiswahili hutenganisha: ratili ni uzito, pauni ni pesa.

Zingatia: Soma muktadha kwanza. Ukiandika uzito palipokusudiwa thamani, umekosa jibu.