"Timu Yetu" na Hisa za Nani? Lugha ya Umiliki katika Mijadala ya Mashabiki wa Kandanda Tanzania

Ikisiri
Makala haya yanafafanua namna Kiswahili kinavyobeba mijadala ya mashabiki wa kandanda pindi zinapozuka tetesi kwamba klabu yao inakaribia kupata mmiliki mpya. Msingi wa ufafanuzi ni mabadiliko ya umiliki yaliyopendekezwa katika klabu za Simba na Yanga kuanzia mwaka 2016. Hoja kuu ni kwamba ubishi huo hauhusu fedha peke yake. Unahusu pia maana ya kimilikishi -etu, na safari ya mtu kutoka kuwa mwanachama hadi kuwa mwanahisa. Mifano ya sentensi ni ya kubuni, na imetungwa kwa kufuata mazoea ya mazungumzo ya vijiweni.

1.0 Utangulizi
Kata ya Sibwesa imo katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi. Kutoka huko hadi mitaa ya Msimbazi na Jangwani jijini Dar es Salaam, yaliko makao ya klabu za Simba na Yanga, ni safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Mkoani Katavi Kiswahili huishi pamoja na Kibende, Kipimbwe, Kikonongo, Kisukuma na lugha nyinginezo. Hata hivyo, shabiki wa huko anaposema "timu yetu imefungwa", hakuna anayemtaka aoneshe hati ya umiliki. Kauli hiyo huonekana ya kawaida mpaka siku zinapoingia tetesi kwamba timu "inauzwa". Hapo ndipo swali lililokuwa limelala huamka: yetu sisi nani?

Swali hili ni la kisheria na la kiuchumi, lakini kwanza ni la kilugha, kwa kuwa wabishani hawashiki mikataba mikononi, wanashika maneno. Makala haya yanachunguza mambo matatu: vitenzi vinavyotumika kueleza mabadiliko ya umiliki, mbinu za kisarufi za kusambaza tetesi, na nomino zinazomtaja mtu kwa uhusiano wake na klabu.

2.0 Usuli wa Mjadala
Yanga iliasisiwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Simba ilijulikana kwa jina la Sunderland hadi mwaka 1971. Kwa miaka mingi klabu zote mbili ziliendeshwa kama vyama vya wanachama na kutegemea fedha za wafadhili.

Mwaka 2016 mfanyabiashara Mohammed Dewji alipendekeza kuwekeza shilingi bilioni 20 katika Simba ili apate asilimia 51 ya hisa. Mwaka huohuo Yusuf Manji, aliyekuwa mwenyekiti wa Yanga, aliomba akodishiwe timu na nembo kwa miaka 10. Mpango wa Yanga haukutimia, na Manji aliacha uongozi mwaka 2017. Upande wa Simba, mkutano mkuu wa dharura wa tarehe 20 Agosti 2017 uliridhia klabu iingie katika mfumo wa kampuni, na tarehe 3 Desemba 2017 Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni. Msimamo wa Serikali ulikuwa kwamba mwekezaji asizidi asilimia 49, na asilimia 51 zibaki kwa wanachama. Yanga nayo ilirudi kwenye suala hilo baadaye, na mwezi Juni 2021 wanachama wake waliridhia mabadiliko ya katiba.

Mijadala ya namna hii haipo Tanzania peke yake. Mashabiki wa Manchester United walibishana vikali familia ya Glazer ilipoitwaa klabu hiyo mwaka 2005. Ujerumani ina kanuni ya jumla inayotaka wanachama wabaki na nusu ya kura na kura moja zaidi. Linalotuhusu hapa ni kile ambacho Kiswahili huwawezesha wasemaji wake kusema, na kile ambacho huwawezesha kukificha.

3.0 Vitenzi vya Kuhamisha Mali
Tazama sentensi zifuatazo:

(1) a. Tajiri kainunua Simba.
    b. Tajiri kaichukua Simba.
    c. Tajiri kawekeza Simba.
    d. Simba imeuzwa.

Sentensi hizi zinaweza kusemwa na watu wanne juu ya tukio lilelile, lakini hazitoi hukumu moja. Katika (1a) kiambishi cha yambwa -i- kinaifanya Simba kuwa kitu kizima kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hakuna nafasi ya kusema kwamba kilichohama ni sehemu tu. Msemaji anayetaka kutaja sehemu hulazimika kuongeza neno: "kanunua hisa za Simba".

Sentensi (1b) ina utata wa manufaa. Chukua humaanisha kutwaa, lakini humaanisha pia kubeba, kama katika "kuchukua mzigo". Kwa hiyo anayepinga na anayeunga mkono wanaweza kutumia kitenzi kimoja bila kukubaliana: mmoja anaona klabu imetwaliwa, mwingine anaona mzigo umepata mbebaji.

Sentensi (1c) ina muundo tofauti kabisa. Yambwa ya wekeza ni fedha. Simba ni mahali zinapowekwa. Ushahidi ni kwamba tunasema "fedha zimewekezwa Simba", ilhali "Simba imewekezwa" hukwaza sikio. Kitenzi hiki, ambacho ni kinyambuliwa cha weka, huiacha klabu mahali pake na kumfanya tajiri kuwa mtu aliyekuja na kitu chake. Ni rahisi kuelewa kwa nini wanaotetea mabadiliko hukipendelea.

Sentensi (1d) imo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Ikiwa klabu ni ya wanachama, muuzaji hawezi kuwa mwingine ila wanachama wenyewe. Kauli ya kutendwa humruhusu mwanachama aliyenyoosha mkono mkutanoni kulalamika kana kwamba hakuwapo.

Mjadala wa Yanga wa mwaka 2016 uliingiza jozi nyingine: kodi na kodisha. Mpangaji hukodi, mwenye mali hukodisha. Maneno haya huambatana na vyumba, magari na baiskeli, yaani vitu vyenye mwenyewe na vyenye siku ya kurudi. Anayesema "Yanga imekodishwa" anakiri, hata kama hakusudii, kwamba Yanga bado ina mwenyewe. Anayetaka kuonesha hatari ya mpango huo hulazimika kuliacha neno hilo na kusema "imeuzwa kwa mlango wa nyuma".

4.0 Tetesi na Sarufi ya Kutowajibika
Kiswahili kina maneno zaidi ya moja kwa habari isiyo na hakika. Uvumi unatokana na vuma, sauti ya upepo au ngoma: inasikika, lakini mpigaji haonekani. Tetesi linakaribiana kisura na teta, yaani kusema kwa kupinga au kusengenya. Kutoka teta tunapata pia tetea. Ukaribu huu unafaa kuzingatiwa, kwa sababu kijiweni mtu hutaja tetesi ili ateteee upande wake au autete upande wa pili, na ni nadra kuitaja kwa kutoa taarifa tu.

(2) a. Inasemekana Simba itauzwa.
    b. Nasikia Simba inauzwa.
    c. Eti Simba imeuzwa!

Katika (2a) msemaji amejiondoa kabisa. Kiambishi i- hakimrejelei yeyote, na minyambuliko ya -semekana imemfuta aliyesema. Katika (2b) msemaji anawajibikia masikio yake tu: hakusema kuwa jambo ni kweli, amesema kuwa amelisikia. Katika (2c) eti huweka kauli katika kinywa cha mtu mwingine na kuipaka rangi ya shaka au kejeli. Lakini neno hilohilo, likisemwa kwa kiimbo cha kuuliza, huomba uthibitisho.

Jambo la pili ni njeo na hali. Kutoka (2a) hadi (2c) habari imepita katika -ta-, -na- na -me-. Kati ya pendekezo la kwanza la uwekezaji wa Simba na kutangazwa kwa mshindi wa zabuni ulipita zaidi ya mwaka mmoja. Katika muda wote huo -me- ilikuwa tayari kutumika kijiweni ingawa mkataba haukuwa umetimia. Badiliko la silabi moja huweza kuligeuza pendekezo kuwa tukio, na msikilizaji aliye mbali na ukumbi wa mkutano hana njia nyepesi ya kugundua pengo hilo.

Methali nayo husaidia. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja" huitetea tetesi kwa wakati uliopo na kwa wakati ujao kwa pamoja. Anayejikinga kwa methali hii hawezi kushindwa: mkataba ukionekana, alisema kweli, usipoonekana, unakuja.

5.0 Kutoka Mwanachama hadi Mwanahisa
Nomino zinazomtaja mtu katika mjadala huu zinaweza kupangwa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wenye fedha: mfadhili, mdhamini, mwekezaji, mmiliki. Mfadhili hutenda fadhila, na fadhila hupokelewa kwa shukrani. Ni vigumu kumdai hesabu mtu aliyekufadhili. Mdhamini ana makubaliano ya muda, kwa kawaida ya kutangaziwa biashara yake. Mwekezaji ana mkataba na matarajio ya faida, kwa hiyo anaweza kuulizwa ametimiza nini. Mmiliki ana haki ya kuamua. Kumwita mtu mmoja mfadhili Jumatatu na mmiliki Jumanne ni kubadilisha aina ya maswali anayoweza kuulizwa. Mwenye asilimia 49 kisheria si mmiliki wa klabu nzima, lakini lugha ya kila siku humpa cheo hicho bila kusubiri mkutano wowote.

Kundi la pili ni la watu wa klabu: mwanachama, mwanahisa, shabiki. Mwanachama na mwanahisa yameundwa kwa mwana-, kama mwananchi. Kiungo hiki huonesha mtu kuwa sehemu ya kitu. Tofauti imo katika neno linalofuata. Chama hakina vipande: mwenye kadi hai na aliyelipa ada ana kura moja, awe tajiri au muuza mahindi. Hisa, kinyume chake, ni fungu. Huhesabika, na anayeshika mafungu mengi ana sauti kubwa. Mwanachama anapogeuka mwanahisa, mwana- inabaki palepale, na mabadiliko makubwa hupita kimyakimya katika nusu ya pili ya neno.

Hapa wingi wa kisarufi na wingi wa hesabu huachana. Asilimia 51 ni nyingi kuliko 49, lakini 49 ikiwa mkononi mwa mtu mmoja huzungumza kwa umoja, ilhali 51 ikitawanyika kwa maelfu ya watu huzungumza kwa wingi na pengine kwa kupingana. Sentensi "wanachama ndio wenye klabu" inaweza kuwa kweli kwa tarakimu na bado isieleze nani anaamua.

6.0 "Yetu" ya Sibwesa
Turudi kwa shabiki wa Sibwesa. Tuseme hana kadi wala hisa. Je, anakosea kusema "timu yetu"? Kisarufi hakosei. Kimilikishi cha Kiswahili hakifungwi kwenye umiliki wa mali. Tunasema "mwalimu wetu", "mto wetu", "mvua zetu", na hakuna anayedhani tumevinunua. Vilevile sisi ya Kiswahili haibainishi kama anayeambiwa amejumuishwa au ametengwa. Kiongozi anaposema "klabu yetu" mbele ya wanachama, shabiki aliye Katavi anaweza kujiona ndani ya neno hilo, ingawa msemaji alikuwa anawahesabu wapiga kura tu. Jina la utani la Yanga, Wananchi, hupanua mlango huo zaidi.

Wanafunzi wa isimu wanaijua kauli "Kiswahili kina wenyewe" na ubishi uliouzaa: kati ya aliyezaliwa nacho na anayekitumia, nani mwenyewe? Kandanda linauliza swali hilohilo. Shabiki hutoa fedha ya jezi, muda na uaminifu wa miaka, lakini siku ya kura hana mkono wa kunyoosha. Kimilikishi ndicho kitu pekee alicho nacho, na ndiyo sababu hukitetea kwa ukali tetesi zinapozuka.

7.0 Hitimisho
Ufafanuzi huu umeonesha kwamba mashabiki wanaobishana kuhusu kuuzwa kwa klabu hawapigi kelele tu. Wanapochagua kati ya nunua na wekeza, au kati ya mfadhili na mmiliki, wanatoa hoja juu ya nani anastahili kuulizwa na kwa jambo gani. Waandishi wa habari za michezo wana wajibu hapa: kutenganisha pendekezo, makubaliano na utekelezaji kwa kutumia njeo sahihi, kutaja mtenda pale anapojulikana, na kutomwita mmiliki mtu mwenye sehemu tu ya hisa. Kwa shabiki aliye mbali na Msimbazi na Jangwani, maneno hayo ndiyo mkutano mkuu pekee anaohudhuria. Yakipotoshwa, atabaki akisema "yetu" bila kujua ni nani wa kumdai hesabu.