Nauli ya Kwenda Hospitali: Nani Atoe?

Wengine wenu mmetuuliza: ni kweli huko Marekani serikali humlipia mama nauli aende kutoa mimba? Ni kweli, lakini si kila mahali.

Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilifuta uamuzi wa 1973 uliolinda utoaji mimba nchi nzima. Sasa kila jimbo lina sheria yake. Texas imekataza karibu kabisa. California, inakoruhusiwa, ilitenga dola milioni 20 mwaka huohuo kwa nauli, malazi na mahitaji kama hayo. Mwaka 2024 jiji la Austin, ndani ya Texas yenyewe, lilitenga dola 400,000 za safari za kwenda nje ya jimbo. Wapinzani walisema kodi ya mtu isilipie jambo ambalo dhamiri yake inalikataa. Watetezi walisema tajiri husafiri, maskini hukwama. Mwaka 2025 Texas ilitunga sheria kuzuia miji isitoe pesa hizo.

Msimamo wa Kanisa mwaujua: uhai unalindwa tangu kutungwa mimba. Hapo hatuyumbi. Lakini hilo neno la maskini kukwama, tusilipuuze. Hata hapa kwetu mama hukwama.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu 26, hairuhusu kutoa mimba isipokuwa mhudumu wa afya aliyehitimu aone ni dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iruhusu. Kifungu 43 chasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Basi mama anayetokwa damu apelekwe hospitali mara moja. Mimba iwe imeharibika au imetolewa, maswali yangoje. Damu haingoji.

Kikundi chenu chaweza kufanya hivi:

1. Tengeni mfuko wa nauli, mbali na pesa za mzunguko. Hata shilingi 20 kwa kila mtu kila mkutano ni mwanzo.
2. Chagueni watu wawili wanaoweza kutoa pesa hizo hata usiku wa manane, bila kungoja kikao.
3. Elewaneni bei na mwenye gari mapema, na kila nyumba iwe na namba yake.
4. Anayesaidiwa asitangazwe. Siri yake ni yake.

Jadilini mkutano ujao: mama akizidiwa leo usiku, nani ana gari, na nani ana pesa?