Saa ya Ruta Yako

Umeme unapokatika na kurejea, ruta nyingi za nyumbani husahau saa. Hazina betri ya kutunza majira. Zikiwaka huanzia tarehe ya kiwandani, na kwa baadhi yake ni Januari 1, 1970. Kisha huuliza saa sahihi kwenye seva za intaneti kwa utaratibu uitwao NTP.

Jibu lisipopatikana, au likiwa la uongo, madhara hujitokeza kwingine. Ruta inapotafuta masahihisho ya programu yake hukagua cheti cha seva, nacho kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ruta inayodhani tuko mwaka 1970 huweza kukikataa cheti hicho, ikabaki na kasoro zilizokwisha kurekebishwa. Kubwa zaidi ni kumbukumbu za matukio. Mtu akitumia mtandao wako kwa ulaghai, kumbukumbu zenye saa isiyo sahihi hazitakutetea, na zaweza hata kukuponza.

Fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta utazame saa. Eneo liwe UTC+3. Ikiandika 19:00 nawe wasema saa moja usiku, hakuna kosa, usiisogeze. Chagua seva ya mtoa huduma wako au africa.pool.ntp.org. NTP ya kawaida husafiri bila kufungwa kwa siri, hivyo aliye njiani huweza kughushi jibu. Kinga yake, NTS, ilikamilishwa mwaka 2020. Ruta yako ikiwa nayo, iwashe. Badili pia nywila ya kiwandani, kwa maana anayeingia humo aweza kukuchagulia seva aitakayo.

Jambo moja husahaulika: ruta iulize saa, isiwagawie watu wa nje. Mwezi Februari 2014 wahalifu walituma maswali madogo kwa seva za NTP zipatazo 4,500, wakighushi anwani ya mlengwa; majibu makubwa yakamfurika kwa kasi iliyokaribia gigabiti 400 kwa sekunde. Wenye seva hizo hawakukusudia kumdhuru mtu, ila waliziacha wazi. Kwa hiyo zima huduma ya seva ya NTP upande wa intaneti, au funga mlango namba 123 wa UDP kwa maombi yatokayo nje.

Mtoa huduma akiwa ameifunga mipangilio hiyo, mwombe akufanyie, tena kwa maandishi.