Kabichi ya Mgeta na Beberu Wake

Ukiingia kwa mama lishe mjini Morogoro ukaagiza ugali na mboga, utaulizwa: mboga gani? Kuna nyama, kuna samaki, kuna maharage. Watanzania huita mboga karibu chochote kinachoteremshia ugali, ndiyo maana aliyeacha nyama akijiita "mla mboga" haeleweki. Itabidi aseme mboga za majani.

Akisema hivyo, huenda akaletewa kabichi ya Mgeta, tarafa ya wilaya ya Mvomero iliyo magharibi mwa Milima ya Uluguru, inayopeleka kabichi, karoti na njegere hadi Dar es Salaam.

Hoja ya walioacha nyama si ya kubeza. Mwanafalsafa Peter Singer, katika kitabu chake cha 1975, Animal Liberation, alisema maumivu ya mnyama nayo yahesabiwe, kwa kuwa anaumia kweli. Tanzania yenyewe ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.

Lakini mashamba ya Mgeta yako kwenye miteremko mikali, na mvua huzoa udongo hadi bondeni. Rutuba hurudishwa kwa samadi. Miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) walipeleka huko mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei. Hufugwa kwenye mabanda yaliyoinuliwa, sakafu ya mbao zilizoachiana nafasi. Kinyesi hudondokea chini, kikazolewa na kupelekwa shambani. Kabichi hiyo, basi, imelishwa na mbuzi.

Na maziwa? Mbuzi hakamwi bila kuzaa, na karibu nusu ya wanaozaliwa ni madume. Beberu mmoja huwatosha majike wengi. Wenzake huuzwa, wakachinjwa. Kwa hiyo aliyeacha nyama akabaki na chai ya maziwa bado ana mkono wake machinjioni, ingawa hapendi kuambiwa. Asiyegusa hata maziwa amenyooka zaidi, ila vitamini B12 ataitafuta kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

Safu hii haioni kosa kwa mfugaji wa Mgeta anayemtunza mbuzi wake vizuri, hata kama mwisho wa beberu ni kisu. Kosa liko kwenye mateso yasiyo na sababu. Ukiona kuku wamening'inizwa miguu kwenye usukani wa baiskeli, vichwa chini, juani, usinunue, na mweleze muuzaji kwa nini.