Lugha ya Muuzaji na Mnunuzi katika Maduka ya Kisii na Nyamira

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi lugha inavyotumika baina ya muuzaji na mnunuzi katika maduka ya vyakula ya Kisii na Nyamira, na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kile kiitwacho huduma nzuri au mbaya hutokana na uteuzi wa lugha na wa maneno ya kuitana. Jambo hili si geni katika isimu. Mwaka 1957 T. F. Mitchell alichapisha uchunguzi wake juu ya lugha ya kununua na kuuza huko Cyrenaica, nchini Libya, akaonyesha kuwa mazungumzo ya biashara hupitia hatua zinazotambulikana: maamkizi, kuulizia bidhaa, kuikagua, kupatana bei, na kumalizana. Hatua hizo zapatikana pia katika maduka ya Gusii. Linalohitaji maelezo zaidi ni kwamba huku kila hatua yaweza kupitiwa kwa lugha tofauti.

2. Mazingira ya lugha

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na wakazi 1,266,860, na Nyamira 605,576. Wengi wao ni Abagusii, ambao lugha yao ya kwanza ni Ekegusii, lugha ya Kibantu yenye irabu saba. Lakini Abagusii wamezungukwa na majirani wasiosema Kibantu: Wajaluo upande wa magharibi na kaskazini, Wakipsigis upande wa mashariki, na Wamaasai upande wa kusini. Wote hao hufika katika masoko ya Gusii, kama vile Daraja Mbili mjini Kisii, na Keroka, mji ulioko mpakani mwa kaunti zote mbili. Kwa hiyo muuzaji hawezi kutegemea Ekegusii peke yake.

Athari ya Kiswahili katika uwanja huu ni ya zamani, nayo yashuhudiwa na msamiati. Ekegusii husema eduka kwa duka na chibesa kwa pesa. Maneno hayo yamepewa viambishi vya ngeli za Ekegusii, na wasemaji wengi hawayahesabu tena kuwa ya kigeni. Kiingereza kimekuja baadaye, nacho hutawala katika vibandiko vya bidhaa, risiti na matangazo ya bei.

Carol Myers-Scotton, aliyechunguza ubadilishaji wa lugha nchini Kenya na kutoa kitabu chake juu ya suala hilo mwaka 1993, ameeleza kwamba kila lugha huja na haki na wajibu wake, na kwamba msemaji anapoteua lugha huwa anapendekeza uhusiano fulani baina yake na mwenziwe. Maelezo hayo yanafaa sana hapa. Mnunuzi anayefungua mazungumzo kwa Ekegusii huwa amemkumbusha muuzaji kwamba wao ni watu wa kwao. Baada ya hapo ni vigumu kumnyima nafuu ya bei, au kumkatalia akiomba achukue unga leo na kulipa mwisho wa mwezi. Muuzaji anayemjibu kwa Kiswahili anaweza kuwa anakwepa mzigo huo bila kutamka neno lolote la kukataa. Ubao usemao kuwa kukopa harusi na kulipa matanga umeandikwa kwa Kiswahili kwa sababu iyo hiyo: Kiswahili humkatalia kila mtu bila kumtaja yeyote.

3. Maneno ya kuitana

Katika Ekegusii mtu hawezi kuitwa vivi hivi. Omogaka ni mwanamume mzee, omong'ina ni mwanamke mtu mzima, omomura ni kijana aliyetahiriwa, na omoisia ni mvulana ambaye bado. Kumwita omomura kwa jina la omoisia ni tusi zito. Kiswahili kina neno kijana, ambalo haliulizi habari za jando. Muuzaji asiyemjua mteja wake hupata salama katika neno hilo, na vilevile katika neno kastama, ambalo wafanyabiashara wa Kenya wamelifanya kuwa jina la heshima la kumwitia mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo.

Maneno ya wazazi yana mtego wa namna nyingine. Katika Ekegusii tata ni baba, na baba ni mama. Mgeni atokaye pwani akimsikia mwenye duka akimwita bibi kizee baba, hudhani kwamba anadhihakiwa au kwamba mwenye duka hajui lugha. Kumbe bibi huyo amepewa heshima kamili ya mzazi. Kwa upande mwingine, karani mgeni aliyezoea kumwita kila mwanamume baba yampasa ajue kwamba neno hilo, likitua katika sikio la Mgusii asiyejua Kiswahili sana, halileti picha aliyoikusudia.

Jambo la tatu ni chinsoni, yaani haya na heshima inayotakiwa baina ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto wao. Watu wa vizazi hivyo viwili hawataji mbele ya wenzao mambo ya mwili, ilhali babu na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana. Katika duka la kaunta, ambapo mnunuzi husimama nje ya wavu wa waya na kutaja kila anachokitaka, mwanamke anayehitaji nguo ya ndani au sodo hulazimika kumtajia kijana wa umri wa mwanawe. Hapo maneno hupunguzwa: nipe ile, au kidole huelekezwa rafuni. Muuzaji mwenye adabu hafungui kinywa kuuliza ile ipi mbele ya watu. Ukimya huo ni huduma, ingawa mtu aliyefunzwa kwamba mteja lazima asemeshwe anaweza kuuona kuwa uzembe.

4. Vipimo na kupatana bei

Sokoni bidhaa hupimwa kwa vitu vinavyoonekana: nyanya kwa fungu, ndizi kwa chana au mkungu, mahindi na maharagwe kwa gorogoro, ambalo ni kopo la takriban kilo mbili. Kwa kuwa kopo laweza kubonyezwa kitako ili lipokee kidogo, mnunuzi hutaka kuliona kabla halijajazwa, na baada ya kupimiwa huomba aongezewe. Kiganja cha nyongeza si sadaka. Ni sahihi ya mapatano, na muuzaji anayekinyima huonekana amevunja mkataba hata kama kipimo chake kilikuwa sawa.

Lugha ya hatua hii ni laini. Nipunguzie kidogo, bei ya mwisho ni ngapi, na kiambishi ka- cha kudunisha, kama katika kamkate, hutumika ili ombi lisionekane kubwa. Kiswahili sanifu hakina kiambishi hicho katika nafasi hii, bali lugha nyingi za Kibantu za bara zinacho. Kukiita kosa tu ni kusahau kazi kinayoifanya.

5. Supamaketi

Uchumi, lililoanzishwa mwaka 1975, lilikuwa miongoni mwa maduka ya mwanzo kuwazoesha Wakenya bei isiyopatanwa. Maduka ya namna hiyo yameenea hata miji ya kaunti, na mabadiliko yake ya lugha ni makubwa. Hatua ya kupatana bei imeondolewa, na kuulizia bidhaa kumeachiwa macho. Yamebaki maamkizi na kumalizana, na yote mawili hufanywa na karani wa kulipia kwa maneno machache: uko na kadi, unalipa na nini.

Sheria na mitambo pia vimeongeza maneno. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, malipo kwa simu yameleta maswali yake, na katika maduka madogo huzuka mjadala juu ya nani atalipa ada ya kutoa pesa. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, mfuko ulioambatana na bidhaa bila kuombwa uligeuka kuwa bidhaa yenyewe, na swali la kama mteja anao mfuko likaingia katika kila mauzo. Mzee asiyelitarajia hulisikia kama kunyimwa. Vilevile karani asemaye kwamba hana chenji, akampa mteja peremende mahali pa shilingi, hufikiri amemaliza hesabu. Mteja hufikiri amepunjwa, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza kama anaridhia.

Katika kuagana, makarani wengi wamefunzwa kusema uwe na siku njema, tafsiri ya moja kwa moja kutoka Kiingereza. Ekegusii kina genda buya kwa anayekwenda na tigara buya kwa anayebaki, na Kiswahili kina karibu tena. Katika genda buya na tigara buya kila mmoja huwa amemtakia mwenziwe heri. Katika tafsiri ile mmoja husema na mwingine hana la kujibu.

6. Haki ya mnunuzi

Suala hili halihusu adabu peke yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, humpa mnunuzi haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike na bidhaa, na kifungu cha 7 hukifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo tarehe ya mwisho ya kutumia bidhaa mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo. Omong'ina anayejua Ekegusii tu hutegemea ulimi wa karani. Karani akimjibu kwa lugha asiyoielewa, au akimwonea haya aliyeko nyuma katika foleni, bibi huyo huenda nyumbani na maziwa asiyoyajua umri wake.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Ekegusii huleta ukaribu na wajibu, kwamba Kiswahili huleta usawa na kinga, na kwamba Kiingereza huleta maandishi ambayo wengi hawayafikii. Muuzaji hodari ni yule ajuaye wakati wa kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine. Ujuzi huo haujaandikwa katika vitabu vya kufunzia makarani, ambavyo hufuata mifano ya ng'ambo. Idara za lugha zina nafasi ya kuurekodi kutoka vinywani mwa wauzaji wenyewe, kaunta kwa kaunta, na kuutoa kwa Kiswahili ambacho karani wa Keroka atakitambua kuwa ni chake.